"Fedha ya sarafu" katika vijiko vya kale vya Marekani

Wakusanyaji wa vyombo vya kale vya mezani vya Marekani wakisema "fedha ya sarafu", wanamaanisha vijiko, uma na pawa zilizofuliwa kwa fedha yenye ubora wa sarafu za nchi hiyo: kiasi cha sehemu 900 za fedha katika kila 1,000, zilizobaki zikiwa hasa shaba. Fedha ya stelingi, yaani ya kiwango cha Uingereza, ina 925. Vyombo vya zamani zaidi vya fedha ya sarafu hupungua au kuzidi kidogo hizo 900.

Kabla ya mgodi mkubwa wa Comstock kugunduliwa Nevada mwaka 1859, Marekani ilichimba fedha kidogo sana. Sonara alitegemea vyombo chakavu na sarafu, hasa dola za Kihispania zilizotoka Mexico na Peru. Mteja aliweza kuleta sarafu zake mwenyewe, zikapimwa, zikayeyushwa, zikafuliwa kuwa vijiko. Hiyo ilikuwa akiba ya familia. Sarafu ikiibwa haijulikani ilikuwa ya nani, ila kijiko kilichochongwa herufi za majina humtaja mwenyewe. Herufi zikiwa tatu, mbili chini na moja juu, mara nyingi ya juu ni ya ukoo, na za chini ni za mume na mke.

Uingereza ilikuwa na ofisi za kupima fedha na kuipiga mhuri. Marekani haikuwa nazo, isipokuwa Baltimore, iliyoanzisha ya kwake mwaka 1814. Dhamana ilikuwa jina la sonara lililogongwa nyuma ya mpini. Baadaye zikaongezwa chapa kama "COIN", "PURE COIN" au "DOLLAR". Tahadhari: katikati ya karne ya 19 maduka mengi yalinunua vijiko vilivyokwisha kutengenezwa na kugonga jina la duka, kwa hiyo jina hilo huenda ni la muuzaji tu.

Shika kijiko cha chai cha mwaka 1830 hivi. Ni chepesi, na mpini wake hupanuka mwishoni kwa umbo la fidla, ala ya muziki ya nyuzi. Tazama ncha ya sehemu ya kuchotea: mara nyingi imelika upande wa kushoto, kwa miaka mingi ya kukwaruza kikombe kwa mkono wa kulia. Kisha pitisha kidole pale herufi zinapokaa. Pakiwa pembamba au pamebonyea, huenda majina yamefutwa. Mimi huchagua kijiko kilicholika chenye majina kamili kuliko kinachong'aa kilichosuguliwa kwa mashine, maana mashine hula chapa na herufi, na bila hizo hutajua kilifuliwa na nani wala kwa ajili ya nani.

Uma ni adimu kuliko vijiko, na chapa ya Paul Revere, sonara maarufu wa Boston, imeghushiwa mno, anayeanza asiikimbilie. Kampuni ya Gorham, watengenezaji wakubwa wa vyombo vya fedha Marekani, ilihamia stelingi mwaka 1868, na baada ya hapo fedha ya sarafu ikatoweka polepole madukani.