Kijana karudi kutoka kwa GP bila dawa: maswali ya wazazi wanaoishi Uingereza

GP (daktari wetu wa mtaa) amesema atampa mwanangu "agizo la kijamii". Ndiyo nini?

Ni pale daktari anapoona kwamba kinachomlemea kijana hakiondoki kwa kidonge: upweke, shule mpya, madeni nyumbani, kukesha na simu na kulala mchana. Humpeleka kwa mwunganishi, mtumishi ambaye kazi yake ni kumkutanisha na watu na shughuli za mtaani. Kituo cha Bromley by Bow, mashariki mwa London, kilichoanzishwa 1984, ni miongoni mwa waliotangulia. Kwa upande wa England, mpango wa NHS, huduma ya afya ya umma, uliotangazwa Januari 2019 ndio uliofanya waunganishi waajiriwe kwa wingi kwenye vituo vya GP.

Huyo mwunganishi ndiye mtu wa ustawi wa jamii?

Hapana. Wazazi wengi huingiwa na hofu hapa, wakidhani kuna mtu anakuja kukagua nyumba na kuchukua watoto. Mwunganishi hana mamlaka hayo. Ana wajibu ule ule wa kila mtumishi wa NHS: akisikia mtoto anapigwa au yuko hatarini, lazima atoe taarifa.

Kikao cha kwanza kinaweza kuchukua hadi saa nzima. Swali kuu si "unaumwa wapi?" bali "wewe unajali nini?" Kijana akijibu "sijui", mwunganishi mzuri hang'ang'anii, huuliza alikuwa akipenda nini alipokuwa na miaka kumi. Mwishoni huandikwa mpango mfupi wenye jambo moja au mawili. Ukiona orodha ya mambo manane, jua halitafanyika hata moja.

Mbona wengine hupelekwa na bado hawaendi?

Kosa kubwa ni kumpa kijana mwenye wasiwasi namba ya simu na kumwambia apige. Hapigi. Kilicho kigumu kwake ni dakika tano za kwanza: kufungua mlango, chumba kizima kugeuka kumtazama, asijue akae wapi. Kwa hiyo ombeni mambo matatu mapema. Mwunganishi aende naye siku ya kwanza. Kiongozi wa kikundi ajue jina lake kabla hajafika. Na kijana apewe kazi ndogo ya mikono akifika, kama kupanga viti au kugawa maji, maana mwenye kazi halazimiki kujieleza.

Sababu nyingine ni za kawaida kabisa. Kikundi kimejaa wastaafu. Kinakutana saa nane mchana, shule haijatoka. Nauli hakuna, kwa London, kadi ya Zip humpa mwenye miaka 11 hadi 17 basi bure, lakini lazima iombwe kwanza. Huduma nyingi pia huanzia miaka 18, kwa hiyo uliza umri kabla ya kukubali miadi. Binti asiyeogelea mbele ya wanaume aulize kipindi cha wanawake peke yao. Mabwawa mengi ya halmashauri wanacho.

Halafu kuna sisi wazazi. Mtoto kataka ngoma, baba kamwandikisha mpira. Wiki ya pili haonekani.

Ni shughuli gani hasa?

Bustani za mtaa, kwaya, ndondi, kupika pamoja, kujitolea. Rahisi kuanza nayo ni parkrun: kilomita 5 bustanini kila Jumamosi, kwa England saa tatu asubuhi, bure. Unajiandikisha mara moja mtandaoni na kubeba msimbo wako (barcode), uliochapishwa au ulio kwenye simu. Kutembea kunaruhusiwa mwanzo hadi mwisho. Asiyetaka kukimbia anaweza kujitolea, na kwa kijana mwenye haya mimi ningeanzia hapo. Watoto wa miaka 4 hadi 14 wana yao ya kilomita 2 siku ya Jumapili.

Nitaambiwa anachozungumza?

Si chote. Mwenye miaka 16 na kuendelea huamua mwenyewe. Chini ya hapo, wahudumu hupima kama ana uelewa wa kutosha kukubali huduma bila mzazi. Kumbana aseme kila kitu ndiyo njia ya haraka ya kumfanya aache.

Kiingereza changu si kizuri.

Omba mkalimani wa Kiswahili unapoweka miadi, NHS hailipishi. Usimtumie mdogo wake kutafsiri.

Na akiwa anajikata au anasema hataki kuishi?

Hapo kikundi cha bustani si jibu, wala usisubiri miadi ya mwunganishi. Piga 111 na uchague 2, afya ya akili. Kama maisha yake yamo hatarini sasa hivi, 999. Ficha dawa na vyenye makali, na usimwache peke yake.

Kwetu Afrika kuna kitu kama hiki?

Kinachokaribia, ndiyo. Zimbabwe ina Friendship Bench, iliyoanza Harare 2006: akina bibi waliofunzwa huketi na mtu kwenye benchi la kliniki, wakachambua naye tatizo moja, kisha wakamkaribisha kwenye kikundi cha wenzake. Kenya, taasisi ya Shamiri hutumia vijana waliomaliza shule kuongoza makundi ya wanafunzi wa sekondari, vikao vinne vya saa moja.

Nitajuaje kama inasaidia?

Ushahidi kwa vijana bado ni mchache kuliko wa watu wazima, kwa hiyo pimeni wenyewe. Kabla ya kuanza, mwulize kijana ajipe alama 0 hadi 10: anaridhika kiasi gani na maisha, anaona anayoyafanya yana maana, jana alikuwa na furaha kiasi gani, jana alikuwa na wasiwasi kiasi gani. Rudieni baada ya wiki sita. Siku ya kwanza karibu kila mtu huichukia, isiwe kipimo. Akienda mara tatu na bado hataki, badilisheni kikundi, msimwache mwunganishi. Na baadhi ya kozi hudumu wiki sita tu: ulizeni wiki ya nne kinachofuata ni nini, kabla mlango haujafungwa.