Rojo la boga: adui yako ni maji

Chapati zangu za kwanza za boga zilikula unga mpaka nikakata tamaa. Nilikuwa nimelichemsha boga kama kiazi, maji yakifunika vipande, nikalisaga na kulimimina kwenye bakuli la unga. Nikikanda, donge linanata viganjani. Naongeza unga, linanata tena. Nilianza na nusu kilo nikaishia karibu kilo nzima, na chapati zikatoka nyeupe, hazina hata harufu ya boga. Nikaulaumu unga, kumbe wa kulaumiwa ni mimi. Nilifuata dhana za jikoni kuhusu rojo la boga, yaani boga lililopikwa na kupondwa; hizi hapa, moja moja, na majibu yake.

“Boga huchemshwa kwenye maji.”

Boga bichi lenyewe ni maji, takribani asilimia 90. Ukilizamisha, yanaongezeka huku utamu ukitoka na kubaki sufuriani. Likate mapande makubwa, toa mbegu na nyuzinyuzi, uyapange ganda likiwa chini. Maji ya nusu kikombe yanatosha, kisha funika vizuri, moto wa wastani. Mvuke ndio utakaoliivisha. Angalia tu yasikauke kabla kijiko hakijazama kirahisi. Mwenye oveni achome kwa nyuzi joto 200, upande wa nyama ukilalia trei. Ladha yake ni nzito zaidi.

“Limenye kwanza.”

Ya nini kupigana na ganda gumu kwa kisu kikali? Likishaiva, nyama inakwanguka kwa kijiko.

“Likishasagwa, rojo tayari.”

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Tandaza kitambaa safi cha kuchujia tui juu ya bakuli, mimina boga lililopondwa, liache nusu saa. Utashangaa maji ya njano yatakayojaa chini. Usiyamwage, yapikie uji au mchuzi. Huna subira? Rudisha rojo sufuriani, moto mdogo, ukikoroga. Pitisha mwiko katikati: njia yake ikibaki wazi kidogo kabla ya kujifunga, epua.

Na blenda si lazima. Boga lililoiva sawasawa linapondeka kwa mwiko, na lenye nyuzi hupitishwa kwenye chujio. Blenda hudai maji ili izunguke, na hapo unarudisha yale yale uliyohangaika kuyatoa. Ukiitumia, acha boga lipoe. Mvuke uliofungiwa humo husukuma kifuniko na kukurushia rojo la moto usoni.

“La kijani bado changa, na kubwa ndilo lenye faida.”

Yako maboga, au malenge kama wasemavyo Kenya, yanayokomaa yakiwa ya kijani au ya kijivu. Tazama kikonyo: kiwe kikavu kama kijiti. Kisha bonyeza ganda kwa ukucha. Likikataa kupenya, limekomaa. Ukubwa hausemi kitu. Mimi huchagua dogo linalolemea mkono.

“Likiwa chungu, ongeza sukari.”

Hapana. Boga chungu litupe lote. Uchungu huo ni wa kukabitasini, sumu ya asili ya jamii ya maboga, na haiondoki kwa kupikwa. Huumiza tumbo, hutapisha na kuharisha. Onja kipande kidogo kabla hujapika sufuria nzima.

“Mtoto akila boga sana atapata ugonjwa wa manjano.”

Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kulishwa rojo hili, na akilila kila siku viganja na nyayo zinaweza kugeuka njano. Ni rangi ya boga lenyewe, beta-karotini, nayo haidhuru. Mpunguzie, itafifia taratibu. Weupe wa macho ukiwa njano, hilo ni jambo jingine, mpeleke kituo cha afya. Mwili hugeuza beta-karotini kuwa vitamini A, na huifyonza vizuri ikiambatana na mafuta. Waliobuni boga la nazi la futari hawakukosea. Kwa mtoto, kijiko cha tui kinatosha.

“Lijaze kwenye chupa zilizochemshwa, litakaa mwaka.”

Dhana nyingine zinaharibu mlo. Hii inaweza kuua. Boga halina uchachu wa kutosha, na ndani ya chupa isiyo na hewa mbegu za bakteria wa botulizimu (ugonjwa wa sumu ya chakula unaopoozesha mwili), ambazo maji yanayochemka hayaziui, huweza kuamka na kutoa sumu. Hata sufuria ya presha haikuokoi: rojo ni zito na joto halifiki katikati kwa uhakika. Ndiyo maana Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambako kuhifadhi vyakula kwenye chupa ni desturi ya majumbani, haipendekezi kabisa kuhifadhi hivyo boga lililopondwa.

Kwenye friji, maliza ndani ya siku 3 au 4. Linalobaki, ligawe kikombe kimoja kimoja kwenye mifuko, lilaze bapa, weka kwenye friza. Likiyeyuka litatoa maji upya. Lichuje tena kabla halijagusa unga.