Maana ya "bawa safi"

Jirani yangu hapa Chikongola, Mtwara, ana binti anayesoma Kanada. Januari binti alimpigia simu akiwa ameshaketi ndani ya ndege: mikanda imefungwa, ndege haiondoki, na nje kuna gari lenye mkono mrefu linayanyunyizia mabawa dawa ya rangi ya chungwa, kisha ya kijani. Usiku ule mama wa watu hakulala. Asubuhi akaja kuniuliza kama ile ndege ilikuwa mbovu.

Haikuwa mbovu. Marubani wana kanuni ya bawa safi: ndege hairuki ikiwa barafu, theluji au sakitu imeshika kwenye mabawa yake. Dawa ya kwanza huyeyusha iliyopo, ya pili huzuia nyingine isigande kwa muda.

Wengi hudhani shida ni uzito. Jirani huuza barafu za ubuyu, kwa hiyo nilimwomba afungue friza apitishe kiganja kwenye ule weupe ulioganda ukutani. "Unakwaruza kama msasa," akasema. Basi hatari ni hiyohiyo. Bawa huinua ndege pale hewa inapoteleza juu yake na kuufuata mgongo wake mpaka nyuma. Ikikuta ukwaru, hutibuka na kubanduka mapema. Barafu nyembamba yenye ukwaru wa msasa inaweza kupunguza nguvu ya kuinua kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Wavuvi wa Msangamkuu wanalijua hilo kwa upande wa maji: chombo kikiota uchafu chini, tanga ni lilelile na upepo uleule, lakini mwendo haupo.

Tarehe 13 Januari 1982, huko Washington, Boeing 737 ya Air Florida ilinyunyiziwa dawa, kisha ikakaa dakika 49 kwenye theluji kabla ya kuruka. Marubani waliisogeza karibu na ndege ya mbele wakitumaini joto la injini zake lingeyeyusha barafu. Kinga ya barafu ya injini zao wenyewe hawakuiwasha, vipimo vikaziba, vikaonyesha nguvu kubwa kuliko iliyokuwepo. Wakiwa mbioni kwenye njia ya kurukia, rubani msaidizi alisema zaidi ya mara moja kwamba vipimo haviko sawa. Hawakusimama. Ndege iligonga daraja na kutumbukia mto Potomac. Kati ya watu 79 waliokuwemo walipona 5, na darajani walikufa 4 waliokuwa kwenye magari yao.

Ajali ya Dryden, Kanada, ndiyo inayoniuma zaidi. Machi 1989 ndege aina ya Fokker F28 iliondoka bila kunyunyiziwa kabisa. Mtambo wake mdogo wa kuwashia injini ulikuwa umeharibika, uwanjani hapakuwa na mashine ya kuziwasha tena, na dawa haikuruhusiwa kunyunyizwa injini zikiwa zinanguruma. Abiria waliiona theluji bawani kupitia dirishani, na baadhi yao walikuwa marubani waliokuwa mapumzikoni. Walikufa watu 24 kati ya 69.

Jirani aliuliza swali moja tu: dawa ikimwagwa halafu foleni ikawa ndefu? Nikamwambia kila dawa ina muda wake wa kinga, kutegemea baridi na aina ya theluji inayoanguka. Muda ukipita, ndege hurudi kunyunyiziwa upya, hata kama abiria wamechoka.