Kemet: kwa nini Wamisri wa kale waliita nchi yao "Nyeusi"

Kemet ni jina ambalo Wamisri wa kale waliipa nchi yao. Shina lake, kem, maana yake ni "-eusi". Wapo wanaosema weusi huo ni wa watu, lakini wataalamu wengi wa Misri ya kale wanasema ni wa udongo. Naona hoja yao ina nguvu, maana neno hili lina mwenzake: Deshret, Nchi Nyekundu, yaani jangwa. Hata leo, pembezoni mwa bonde la Nile, mtu anaweza kusimama mguu mmoja shambani na mwingine kwenye mchanga mkavu.

Udongo huo mweusi uliletwa na mto. Misri haina mvua ya kutegemea: Cairo hupata kama milimita 25 tu kwa mwaka, na Aswan karibu haipati kitu. Mvua iliyowalisha ilinyesha kwenye milima ya Ethiopia, Juni hadi Septemba, ikashuka na tope kupitia Nile ya Buluu na Atbara, mito inayomwaga maji yake katika Nile. Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria hupenda kujisifu kwamba Nile inaanzia kwetu. Sawa, ila maji yetu hupotea kwa wingi kwenye vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini, na yanayobaki hutiririka bila kupanda na kushuka sana. Kazi yake ilikuwa kuuweka mto hai wakati wa kiangazi. Mafuriko yalikuwa ya Ethiopia.

Kalenda nayo ilifuata mto. Mwaka uligawanywa mara tatu, miezi minne minne: Akhet, maji yanapofurika, Peret, mimea inapochipua, Shemu, mavuno. Wakulima walizungushia mashamba matuta, mfano wa majaruba yetu ya mpunga ila makubwa zaidi, maji yakatuama humo wiki kadhaa. Yalipotolewa yaliacha tope bichi na kuondoka na chumvi, kisha ikapandwa ngano na shayiri.

Shida ni kwamba mto haukuwa na kipimo kimoja. Kwenye kisiwa cha Elephantine, Aswan, zipo ngazi zinazoshuka majini, ukutani pamechongwa alama za dhiraa (urefu wa kiwiko hadi ncha za vidole) za kupimia kina cha maji. Pliny, Mroma wa karne ya 1, aliandika kwamba dhiraa 12 ni njaa, 14 ni furaha, 16 ni raha tupu. Kina hicho kiliwaonyesha pia watawala kodi ya mavuno ingekuwa kiasi gani. Ufalme wa Kale, enzi ya piramidi kubwa, ulipodhoofika mnamo 2200 KK, mafuriko hafifu huenda yalikuwa mojawapo ya sababu, ingawa ugomvi wa madaraka nao ulikuwepo.

Jambo ninalolipenda zaidi ni upepo. Mto unakwenda kaskazini, upepo huvuma kutoka kaskazini: kwenda unaachia mkondo ukuchukue, kurudi unatweka tanga. Katika maandishi yao, "kusafiri kusini" huchorwa chombo chenye tanga lililotwekwa, na "kusafiri kaskazini" tanga limeshushwa. Serikali moja iliweza kutuma nafaka, mawe na askari huku na huko bila barabara.

Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970. Tangu hapo mafuriko hayafiki mashambani. Tope hutuama chini ya Ziwa Nasser, lililo nyuma ya bwawa hilo, na mkulima wa bondeni hununua mbolea ya viwandani.