Koo Akiatamia Wakati wa Baridi Kali
Kila msimu wa baridi swali linanijia lile lile: koo, yaani kuku jike anayeatamia, ameng'ang'ania kiota, ametutumua manyoya, anamdonoa kila anayemsogelea, na nje maji yanaganda. Je, atakufa kwa baridi? Huwa nawajibu kwamba akipata chakula na pakavu pa kulala, yeye hana shida. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, tena amejinyonyoa manyoya ya kifuani ili ngozi yenyewe iguse mayai. Ninaloliogopea mimi ni yai la pembeni.

Yai linahitaji nyuzi zipatazo 37.5 kwa siku 21. Koo aliyemudu mayai 12 wakati wa joto, sasa mawili matatu yatachungulia nje ya mbawa zake. Ungedhani hayo tu ndiyo yataharibika. Sivyo. Koo huyageuza na kuyahamisha mayai mara nyingi kwa siku. La pembeni huingia katikati, la katikati likasukumwa nje, na kwa zamu hiyo yote hupigwa na baridi. Kwa hiyo mimi humwekea 6, au 8 akiwa mkubwa. Nayaweka siku moja, nayatia alama ya penseli maana wenzake watakuja kutagia humo humo, na siku ya 7 nayamulika usiku ili niondoe yasiyo na mbegu. Yai lililolala nje likaganda silijaribu kabisa.

Kosa linaloniumiza zaidi ni kuziba banda lote kwa huruma. Pumzi na kinyesi hutoa unyevu, matandazo yanalowa, hewa inachoma macho, na kuku aliyelowa ndiye anayepata baridi kweli. Ziba upepo usawa wa kiota, lakini acha hewa itoke juu. Maranda au majani makavu, tena mengi, yanatosha. Taa ya joto juu ya majani makavu ni moto unaosubiri kuwaka.

Kwa kawaida koo hushuka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 30. Wakati wa baridi muda huo ni mrefu kwa mayai, kwa hiyo msogezee nafaka na maji ya uvuguvugu karibu, arudi upesi. Asiposhuka, mwinue mwenyewe, ukipapasa kwanza chini ya mbawa lisije likang'ang'ania yai likaanguka. Hapo hapo gusa mfupa wa kidari. Ukiwa mkali kama ubapa wa kisu, amekonda mno. Mwondoe hata kama zimebaki siku chache. Niliwahi kusubiri siku 3 zaidi, nikampoteza koo mzuri sana.

Kama huna jogoo, au huna pa kulelea vifaranga, mwachishe kuatamia mapema. Tundu la sakafu ya wavu lililoinuliwa, hewa ikipita chini ya tumbo, hufanya kazi kwa siku 3 au 4. Ila kifua chake ki wazi, basi liweke ndani, mbali na upepo, kamwe si nje kwenye barafu.

Na uamuzi huo uangalie mbele ya siku ya 21. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35, na hujitegemea kwa joto akishaota manyoya kamili, kama wiki ya 6. Mpaka hapo, chakula na maji yake yawe hatua chache tu kutoka kwenye mbawa za mama.