Ruzuku za kubadilishana wakutubi wa majarida: omba siku za mezani pia

Mkutubi wa majarida akiniuliza aombe ruzuku gani ili akajifunze kwa wenzake wa nchi nyingine, kwanza namuuliza anataka kukaa wapi: ukumbini au kwenye meza ya kazi? Ruzuku nyingi za fani yetu hulipia ukumbi. Tiketi ya ndege, ada ya mkutano, siku chache za hoteli, kisha ripoti fupi. Sizibezi hata kidogo. Lakini nimeomba ruzuku, nimeketi kwenye kamati za kuchuja maombi, nimepokea wageni ofisini, na naamini kwa dhati kwamba faida kubwa huja pale mgeni anapovuta kiti kando ya mwenzake na kumtazama akifanya kazi.

Sababu iko kwenye majarida yenyewe. Kitabu ukishakiorodhesha, kwa kawaida umemalizana nacho. Jarida hubadili jina, huungana na jingine, hugawanyika, huhamia kwa mchapishaji mwingine, huruka matoleo, hufa kimyakimya na baada ya miaka miwili hufufuka mtandaoni. Kazi yetu haina siku ya kuisha, na sehemu kubwa yake haijaandikwa popote. Iko kichwani mwa anayeifanya.

Chukua suala la jina tu. Kwa kanuni za kuorodhesha tunazozifuata, jarida likibadili neno miongoni mwa maneno matano ya mwanzo ya jina lake, kwa kawaida hilo ni badiliko kubwa. Unafungua rekodi mpya, jarida linapewa ISSN mpya (namba ya kimataifa ya kulitambua jarida), na rekodi mbili zinaunganishwa: ya zamani inaonyesha jina lililofuata, mpya inaonyesha lililotangulia. Kuna mabadiliko yanayohesabiwa kuwa madogo, kama vile tahajia, au kuongeza na kuondoa neno linalotaja aina ya chapisho. Hadi hapo mambo ni mepesi, hata mwanafunzi atayaelewa.

Sasa kaa mezani. Mchapishaji amebadili jina la jarida mwaka 2003, na kwenye tovuti yake amelibandika jina jipya juu ya matoleo yote, hata yale ya 1985. Msomaji anakuja na rejea sahihi kabisa yenye jina la zamani. Mfumo wa viungo, ule unaompeleka msomaji kutoka kwenye rejea hadi kwenye makala, unatafuta ISSN ya zamani, haukuti kitu, unamjibu kwamba maktaba haina. Maktaba inayo, na imeilipia! Mkutubi mmoja atatatua hilo kwa kuongeza rekodi yake mwenyewe kwenye hazina ya data ya mfumo. Mwingine atamwandikia mchapishaji na kumwekea mbele mapendekezo ya PIE-J kuhusu kuonyesha majarida mtandaoni, yaliyotolewa na NISO, shirika la Marekani la viwango vya habari, mwaka 2013, yanayowataka wachapishaji kuacha makala chini ya jina lililokuwepo zilipochapishwa. Wa tatu atafanya yote mawili na kuweka kumbukumbu ya kulifuatilia. Tofauti hizo hazionekani kwenye slaidi za mkutano. Unaziona ukiwa umekaa naye, ukiuliza kwa nini amebofya hapo na si pale.

Mapokeo ya kubadilishana katika fani yetu si ya jana. UKSG, chama cha watu wa majarida, iliundwa Uingereza mwaka 1978 na kuwaweka pamoja wakutubi, wachapishaji na mawakala wa usajili (wanaozinunulia maktaba majarida), watu ambao awali walikutana zaidi kwenye ankara. Mwaka 1985 wenzao wa Amerika Kaskazini wakaunda NASIG kwa mfano huohuo, na mkutano wao wa kwanza ukafanyika Bryn Mawr College mwaka 1986. Baadaye vyama hivyo vikawa na tuzo ya pamoja yenye jina la John Merriman, mmoja wa waasisi wa UKSG, kwa ufadhili wa wachapishaji Taylor & Francis. Mwanachama mmoja wa NASIG alipelekwa kwenye mkutano wa UKSG, na mmoja wa UKSG akapelekwa kwenye ule wa NASIG. Muundo huo naupenda sana kwa sababu unakwenda na kurudi. Ruzuku inayopeleka watu upande mmoja tu humfanya mmoja kuwa mwalimu wa kudumu na mwingine mwanafunzi wa kudumu, na kwenye majarida hakuna aliyehitimu.

Matunda ya mazoea haya ya kuvuka bahari yapo, na tunayatumia kila siku. Mwaka 2007 ripoti iliyoagizwa na UKSG ilionyesha kwamba viungo vinavunjika kwa sababu data inayotoka kwa wachapishaji kwenda kwenye mifumo ya maktaba ni chafu. UKSG ikaungana na NISO ya Marekani, na mwaka 2010 yakatoka mapendekezo ya KBART kuhusu jinsi ya kupanga data hiyo, yakarekebishwa mwaka 2014. Yanaeleza faili la orodha: jina la jarida, ISSN ya nakala ya karatasi, ISSN ya mtandaoni, toleo la kwanza lililopo, la mwisho, na muda wa zuio (ambao matoleo mapya bado hayajafunguliwa) kama upo. Ukiona safu hizo zimepangwa vizuri kwenye skrini yako, jua kuna watu wa pande mbili waliokaa na kukubaliana.

Kwa anayetafuta siku za mezani, mlango ulio wazi zaidi ninaoufahamu ni Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya. Sehemu yake ya wafanyakazi wa vyuo vikuu inaruhusu kukaa na wenzako na kuwatazama kazini, kuanzia siku 2 (siku 5 ikiwa upande mmoja ni nchi iliyo nje ya mpango) hadi miezi 2, mradi vyuo vyote viwili vinakidhi masharti. Kituo cha Mortenson katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Urbana-Champaign kimekuwa kikiwafundisha wakutubi wa nchi mbalimbali tangu mwaka 1991, ingawa mafunzo yake ni ya ukutubi kwa upana wake. Pale ruzuku ilipo ya mkutano pekee, andika kwenye ombi lako kwamba unaomba kubaki siku mbili tatu kwenye maktaba ya jirani. Gharama inayoongezeka ni ya malazi tu, na kamati nyingi hulikubali hilo upesi kuliko waombaji wanavyodhani.

Ombi lenyewe sasa. Maombi dhaifu karibu yote husema mwombaji anataka "kupanua upeo na kujenga mtandao". Ni kweli, na halimsaidii msomaji wa kamati hata chembe. Ombi lililowahi kunifanya niweke kalamu chini na kulisoma mara ya pili lilikuwa na maudhui ya namna hii: tumeacha kuchukua nakala za karatasi za majarida fulani, sasa hatujui kama tuna haki ya kudumu ya kusoma mtandaoni matoleo ya miaka tuliyoilipia, na maktaba ninayoiomba inipokee imeshapitia mikataba yake yote na kuandika haki hizo kwenye mfumo, nataka kuona jinsi walivyozipanga, nikazipange zetu. Tatizo liko wazi, mwenyeji amechaguliwa kwa sababu, na kitakachofanyika baada ya safari kinajulikana. Barua ya mwenyeji nayo iseme jambo hilohilo. Barua ya "tutafurahi kumpokea" bila jina la atakayekaa naye ni karatasi tupu.

Fedha nitazipitia haraka. Uliza kama ruzuku hulipa kabla au hurudisha baada ya stakabadhi, maana anayelazimika kutanguliza tiketi ya ndege kutoka mfukoni mara nyingi huishia kutoomba kabisa. Uliza viza na bima. Uliza pia nani atashika meza yako.

Jambo moja wenyeji husahau: mikataba. Baadhi ya mikataba ya usajili ina kifungu cha usiri wa bei, na mgeni akifungua jalada hilo mwenyeji ameshavunja ahadi. Mwaka 2009 ARL, chama cha maktaba za utafiti za Amerika Kaskazini, iliwahimiza wanachama wake wasitie saini vifungu vya aina hiyo, lakini bado unakutana navyo. Basi kabla ya safari kubalianeni nini kitaonyeshwa, na mgeni asipewe nywila ya mfanyakazi. Kukaa ubavuni kunatosha.

Kuhusu majira, mimi huwashauri waombaji waombe kwenda Februari au Machi. Usajili mwingi huenda Januari hadi Desemba, kwa hiyo miezi hiyo ndipo muda wa nyongeza ambao wachapishaji hutoa baada ya usajili kuisha unapokwisha, majarida yaliyochelewa kuhuishwa hufungwa, matoleo yasiyofika huanza kudaiwa, na yaliyohama mchapishaji hugundulika hayafunguki. Mwenyeji atakuwa na kazi nyingi, na ndiyo unayoifuata. Tena, kwa kuwa mkutano wa UKSG kwa kawaida huangukia Machi au Aprili, siku za mezani zinaweza kuutangulia kwa tiketi ileile moja.