Futiboli ya vyuo Marekani hailipii madarasa

Kwa miaka mingi watu wameamini kuwa futiboli ya Kimarekani (si soka) huviingizia vyuo fedha za maabara na walimu. Hesabu zinasema vingine. Takwimu za mwaka 2019 za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zilionyesha idara 25 tu za michezo, kati ya takriban 130 za daraja la juu, zilizoingiza fedha nyingi kuliko zilizotumia. Kwingine pengo huzibwa na chuo chenyewe, au na ada ya michezo anayotozwa mwanafunzi. Katika Chuo Kikuu cha James Madison, Virginia, ada hiyo imewahi kupita dola 2,000 kwa mwaka. Hata asiyekanyaga uwanjani hulipa, pengine kwa mkopo, na hilo linauma. Fedha za televisheni zipo kweli, ila nyingi huishia kwenye mishahara ya makocha na viwanja.